Posa Iliyokwenda Kizingo

Jumatatu, 7 Aprili

Muuguzi Purity wa kliniki ya sukari amenipa daftari hili pamoja na amri mbili: nitembee kila siku, na niandike. "Mama Mwanakuu, andika ulichokula na ulikotembea. Basi." Nikamwambia mimi tangu nimalize shule sijaandika ila majina ya walioagiza sambusa. Akasema mwandiko huo huo unatosha.

Nilichokula: mkate mkavu, chai bila sukari, samaki wa kupaka, na sambusa moja ya kuonja chumvi. Hiyo haihesabiwi, ni kazi.

Nilikotembea: bado. Nimeanza na kuandika.

Jumanne, 8 Aprili

Nimetembea kutoka nyumbani Kibokoni hadi Ngomeni na kurudi. Goti lanung'unika. Mwanangu Aya anacheka.

Alhamisi, 10 Aprili

Leo sina budi kuandika yote, na Purity asiyaone.

Nilikuwa na oda ya Bi Afaf, yule tajiri wa Kizingo. Kesho asafiri kwenda Maskati kumtazama mjukuu, akataka sambusa za wageni wa kumuaga. Nikavaa buibui langu la Idi, maana nilitaka nikishatua hotipoti niende nikatembee ufukweni Mama Ngina, na sikutaka watu wanione kama niliyechomoka jikoni. Nikatua mzigo, nikatoka, na nilipofika langoni mvua ikashuka. Ndiyo ya kwanza ya masika haya, na haikubisha hodi. Nikasimama chini ya kipaa cha lango.

Mara akaja mwanamume mbio za kuchechemea, kashika goti, kavaa viatu vyeupe vya raba, kofia imelowa.

"Salaam aleikum, bibi. Niwie radhi, naomba kujistiri langoni pako mpaka ipungue."

Pako. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema "si pangu." Maneno mawili tu. Badala yake nikasikia sauti ya mwanamke mwingine, mwanamke alalaye na kiyoyozi, ikisema: "Aleikum salaam. Karibu, jistiri."

Jina lake Khubaib. Anakaa Ganjoni, amestaafu kazi ya ofisi ya bima, mkewe alifariki mwaka wa tatu huu. Daktari amemwambia atembee, goti lisije likaganda. Akatazama maua yaliyotambaa juu ya ukuta, akasema, "Maua yako yamestawi kweli." Nikasema asante. Nikashukuru kwa maua ya watu!

Njiani nikirudi nilijiuliza nimefanya nini. Marehemu Athmani aliniacha miaka minane iliyopita, na toka siku hiyo mtaa mzima waniita Mama Sambusa. Wanaume husalimia karai kwanza, ndipo wanisalimie mimi. Huyu alisimama nami mvua nzima na asiniulize kama ni za nyama au za mboga.

Nilikotembea: mbali.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Sikutoka. Nimelifukiza buibui udi litoke harufu ya mafuta.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilikwenda. Sikuwa nimekusudia kwenda hadi langoni, miguu ndiyo iliyokusudia. Karisa, bawabu wa Bi Afaf, akachungulia kwenye kidirisha chake.

"Mama Mwanakuu, umeleta oda?"

"La."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kutoka."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka hapa."

Karisa ni Mgiriama mpole, hafanyi jambo bila kulipima. Akanipima mimi na buibui langu, akaipima njia, akamwona bwana wa viatu vyeupe anakuja kule mbali. Akafungua lango. "Basi ingia kwanza, mama, ndipo utoke."

Nikaingia, nikajifuta jasho, nikatoka polepole kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana. Karisa akapaza sauti nyuma yangu, "Utembee salama, bibi!" Shetani huyu. Jumatatu nitamletea sambusa.

Jumatatu, 14 Aprili

Bwana Khubaib anajifunza kupika. Wanawe wote wako ng'ambo, na chakula cha hotelini kimemchosha. Tulikuwa tumekaa kwenye ukuta tukitazama meli kubwa ikiingia Kilindini, akasema: "Jana nimepika wali, Bi Mwanakuu. Umekuwa uji. Nikaula kwa kijiko. Sijui nilikosea wapi."

Mimi nilijua alikokosea kabla hajafunga mdomo. Maji mengi, na alikoroga. Yale maneno yalinijaa kinywani. Lakini bibi wa Kizingo anajuaje maji ya wali? Nikasema, "Mimi huko jikoni siingii."

Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akabadili mazungumzo. Nimerudi nyumbani nikapika wali mzuri kuliko wote niliowahi kupika, nikamlisha Aya na hasira zangu.

Jumanne, 15 Aprili

Wali wake umekuwa uji tena. Ameula tena.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeshindwa. Nimeajiri mpishi.

Yaani nimemwambia Bwana Khubaib kuwa nina mpishi, na kwamba nimemuuliza. "Mpishi wangu asema maji yapite mchele kidogo tu, usiukoroge, ukikauka ufunike kwa karatasi, moto uwe haba." Alitoa kalamu mfukoni akayaandika nyuma ya risiti. Macho yalimng'aa kama mwanafunzi aliyepata hesabu.

Jumapili, 20 Aprili

Wali umekubali! Alinisimulia punje kwa punje. Kisha akasema, "Huyo mpishi wako ni hazina. Mpe salamu zangu, mwambie nimemwombea dua."

Njia nzima nikirudi nilikuwa nimekasirika, na nilipofika Ngomeni ndipo nikaelewa: namwonea wivu mpishi.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua ya kutwa. Hata hivyo natoka Kibokoni hadi Kizingo, nikatembee Mama Ngina, nirudi tena Kizingo "nyumbani," kisha nirudi Kibokoni. Watu wengine hutembea mara moja kwa siku. Mimi hutembea kwa ajili ya wanawake wawili.

Jumamosi, 26 Aprili

Ameniletea zawadi. Si yangu, ya mpishi! Leso ya manjano na nyekundu, maandishi yake: ALIYENILISHA SIMSAHAU. Mimi akaninunulia mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Nimekula mitatu. Mitano.

Nimefika nyumbani nikajifunga ile leso, nikakaangia nayo. Aya akaniuliza nani kaninunulia. Nikasema si yangu, ni ya mtu wa kazini.

"Mama, kazini kwako ni hapa. Tuko wewe na mimi."

Ijumaa, 2 Mei

Kliniki. Sukari imeshuka, uzito umeshuka. Purity alishangaa akapiga makofi, akawaita wenzake. "Mama, unafanya nini?"

"Natembea."

"Hebu nione daftari."

"Limelowa."

Jumatatu, 5 Mei

Aya amejua. Rafiki yake mmoja aliniona Mama Ngina nikicheka na mwanamume, akamwambia. Nikamweleza mwanangu kila kitu, kuanzia lango. Nilitaraji kelele. Alikaa kwenye ngazi akashika tama.

"Mama, siku akitaka kuingia ndani?"

"Hataki kuingia. Ni mtu wa heshima."

"Ndio wale wale watakao kuingia kwa heshima, mama. Huyo atatuma watu."

Nikamwambia anyamaze akakunje sambusa. Lakini neno lile limekaa nami. Sijui lipi laniogopesha zaidi, atume au asitume.

Alhamisi, 8 Mei

Bi Afaf amerudi kutoka Maskati. Karisa alinidaka pembeni ya ukuta, jasho lamtoka. "Mama, mwenyewe yuko. Sasa utatokea wapi?" Tukakubaliana nitokee kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba, nikisema napenda kupitia bustanini.

Jumapili, 11 Mei

Leo Bi Afaf mwenyewe alinikuta kichochoroni.

"Mwanakuu! Wafanyaje huku nyuma?"

"Nilikuja... kukupa mkono wa safari."

Akafurahi kupita kiasi. Akanivuta ndani, akanipikia kahawa kwa mkono wake. Miaka yote nimekuwa nikimwona mwanamke wa kuhesabu sambusa na kufunga mlango. Leo nimeona sebule yenye viti vya watu ishirini na mtu mmoja. Runinga ilikuwa yazungumza peke yake chumba cha pili. "Siitazami," akaniambia. "Naiwasha nyumba iwe na sauti." Mumewe alimwacha zamani, mwanawe yuko huko Maskati. Nilipotaka kuondoka aliniongezea kahawa kabla sijakimaliza kikombe.

Bwana Khubaib nilimkosa. Sikujuta sana.

Alhamisi, 15 Mei

Ametuma.

Yaani ameomba ruhusa ya kutuma. Tulikuwa tumekaa pale pale petu, mawingu yameinama. Akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena.

"Bi Mwanakuu, mimi si kijana wa kuzungukazunguka. Nilitembea goti langu lipone, na limeshapona wiki ya pili hii. Sasa natembea kwa ajili yako. Nataka kutuma watu nyumbani kwako. Waniruhusu?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kusema nyumba si ile. Yote mawili yakataka kupita mlango mmoja kwa pamoja, na hakuna lililopita. Nikainamisha kichwa. Kwetu kimya cha mwanamke kina tafsiri yake, naye akaitafsiri. Akaondoka akitembea kama mtu asiye na goti.

Kesho namwambia. Wallahi kesho.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua. Njia ya Mama Ngina haipitiki.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua. Nambari yake ya simu sina, hatukuwahi kupeana. Tulikuwa tukionana kila siku, za nini?

Jumapili, 18 Mei

Mvua. Nimesimama kwenye ukuta wa Mama Ngina peke yangu na mwavuli uliopinduka. Hata wauza mihogo hawakuja.

Jumanne, 20 Mei

Nimeacha karai nikashika kalamu.

Bi Afaf amenipigia simu asubuhi. Alikuwa akicheka kama msichana. "Mwanakuu, Jumamosi nataka sambusa, kababu, na vile vileja vyako vitamu. Nzuri nzuri. Hutaamini. Jana nimejiwa na mwanamke wa Ganjoni, mtu na heshima zake, Bi Zuena. Ati nduguye ameniona, na wataka kuja kwa posa!"

Nilikaa chini kwenye gunia la unga.

"Amekuona wapi?" nikauliza.

"Ndilo ninalojiuliza! Yeye alisema tu, 'Ndugu yangu amemwona bibi wa nyumba hii na roho yake imetulia.' Nami kwa haya sikuuliza. Mwanakuu, tangu nilipoachika hakuna aliyebisha lango hili kwa neno la namna hiyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Dadake Khubaib amekuja, akauliza mwenye nyumba, akapelekwa kwa mwenye nyumba. Jina hakulitaja, watu wa adabu hawataji. Posa yangu imekwenda Kizingo, mimi niko Kibokoni, na mimi ndiye nitakayeikaangia sambusa.

Aya aliposikia alicheka mpaka akalala sakafuni. Kisha akaniona uso, akanyanyuka, akanikumbatia.

Jumatano, 21 Mei

Nimekwenda Kizingo kumwambia Bi Afaf. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Ngomeni. Akanifungulia mwenyewe, akanipandisha chumbani, kitanda kizima kimejaa nguo.

"Nisaidie kuchagua. Hii ya kijani yanizeesha?"

"Yakupendeza," nikasema.

Nikarudi na maneno yangu yote, hata moja halijatumika.

Jumamosi, 24 Mei

Aya alinisaidia kukunja manda za sambusa tangu asubuhi. "Usilie, mama. Posa ni yako, sambusa ni zako. Hata ukimkosa bwana, hukukosa kula." Nikapakia hotipoti kwenye tuktuk, nikaenda.

Karisa alinifungulia lango akiwa na uso wa msiba.

Jikoni Bi Afaf aliingia kuonja. Alikuwa amevaa ile ya kijani, na mikono ina hina mpya, nyekundu. "Mwanakuu, mbona huniangalii?"

Nikafunga mlango wa jikoni.

"Bi Afaf, hawa wageni hawakuja kwako."

"Wamekuja kwa nani? Kwa Karisa?"

"Wamekuja kwangu."

Nikamwambia. Mvua, lango, kutoka na kuingia, mpishi, kichochoro, kichwa nilichoinamisha. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipofika pale nilipoyashukuru maua, aligeuka akayatazama dirishani. Nilipomaliza alikaa kwenye kigoda, mikono ameiinua kidogo mbele yake, kama hina bado haijakauka.

"Kwa hivyo nimepaka hina kwa posa ya muuza sambusa wangu."

"Nisamehe, dada."

"Nyamaza kwanza. Nakasirika."

Akakasirika, kimya, huku akila sambusa. Akachukua ya pili. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa akicheka. Kisha akalia kweli, kidogo tu, akajifuta kwa kiwiko asiiharibu hina.

"Wajua kinachoniuma? Si bwana. Simjui hata sura. Ni kwamba siku hizi chache nimekuwa nikiamka na jambo la kungojea."

Nikapiga magoti nikamshika mikono, hina na unga vikachanganyika. Nje tukasikia gari likisimama, na Karisa akisema karibuni kwa sauti ya kuonya.

"Nenda ukawaambie mwenyewe," Bi Afaf akasema. "Mimi siwezi kumkataa mtu ambaye hakuniomba."

"Nimevaa aproni."

"Ndivyo ulivyo. Nenda."

Nikashika sinia, nikaenda. Sebuleni walikaa watatu: Bi Zuena amejaa dhahabu, mjomba wao mzee mwenye masikio mazito, na Khubaib. Kanzu imepigwa pasi mpaka yasimama yenyewe. Aliponiona uso wake ulifunguka. Kisha akaona aproni, akaona sinia.

"Bwana Khubaib," nikasema, "nyumba hii ni ya Bi Afaf. Mimi nakaa Kibokoni, juu ya duka la mshona viatu, na hizi sambusa ndizo kazi yangu. Siku ile ulipokuja kujistiri langoni, mimi pia nilikuwa nimejistiri."

Wa kwanza kusema alikuwa Bi Zuena.

"Muuza sambusa? Khubaib, umenivisha dhahabu yote hii nije kumposa muuza sambusa?"

"Asemaje?" mjomba akauliza.

"Asema sambusa, mjomba!"

"Basi alete, twangoja nini?"

Mahali pengine ningecheka. Khubaib hakucheka. Alinitazama kama atafutaye mtu nyuma yangu.

"Na mpishi?"

"Ni mimi."

"Siku ile nilipokwambia wali umekuwa uji, ukasema jikoni huingii. Ulilijua kosa langu?"

"Nililijua."

"Ukaniacha nikaule tena kesho yake."

"Nilikuacha."

Akanyanyuka, akainama akavaa viatu mlangoni, taratibu, ameegemea ukuta. Kisha akasema bila kugeuka: "Nyumba sikuiuliza, bibi. Siku zote zile, hukuniona hata mara moja nikiuliza nyumba."

Wakaondoka. Mjomba aliondoka na sambusa mkononi.

Bi Afaf na mimi tulikaa jikoni tukala vileja. Sukari sijui imefika wapi, na sitaki kujua.

Jumapili, 25 Mei

Ni kweli. Nimezipitia siku zote kichwani. Hakuuliza.

Jumatatu, 26 Mei

Nimetembea hadi Ngomeni tu.

Jumatano, 28 Mei

Bi Afaf amekuja Kibokoni! Gari halipiti vichochoro vyetu, akatembea, akauliza nyumba kwa nyumba, akapanda ngazi. Nilidhani anafuata vyombo vyake. Kumbe amekuja kunitazama. Amekaa kwenye mkeka, amejaribu kukunja manda. Sambusa zake zafanana na mito iliyokaliwa. Amecheka kutwa. Asema yuwaja tena Jumapili.

Ijumaa, 30 Mei

Aya asema nimuombe Karisa amtafute Bwana Khubaib. Nimekataa. Nimeshamtumia Karisa vya kutosha. Mwenyewe kesho nitaenda Mama Ngina, nitatokea nyumbani kwangu, njia ya mahakamani, na akinikuta atanikuta.

Jumamosi, 31 Mei

Nilikwenda. Hakuja. Nilikaa mpaka magharibi ikakaribia, nikarudi. Hata hivyo ilikuwa vizuri kutembea njia moja tu.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imepungua, jua limechungulia. Niliandike hili kabla halijapoa.

Tulikuwa jikoni, mimi, Aya na Bi Afaf aliyejaa unga hadi nyusi, tukasikia fujo chini. Mshona viatu alikuwa akielekeza kwa sauti ya mtaa mzima: "Juu! Panda tu! Mwisho wa ngazi!" Kisha kishindo cha mguu mmoja mzito na mmoja mwepesi, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikihema: "Ngazi hizi... zimejengwa na... adui."

Akatokea Khubaib. Nyuma yake Bi Zuena, leo hana dhahabu, ameshika mbavu. Aya akawapa maji. Khubaib alikunywa yote, akatazama chumba, karai, mkeka, dirisha, akanitazama mimi.

"Nimekasirika wiki nzima," akasema. "Nimechoka. Hasira ni kazi ya vijana. Nimekuja kukuuliza neno moja. Ulidhani kama ungeniambia hukai pale, salamu yangu ingepungua?"

Ningeweza kusema la, na ingekuwa tamu. Nikasema, "Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo nilivyozoea."

Akaiweka gilasi chini. Bi Zuena naye akayatazama maji yake.

"Basi," Khubaib akasema, "itabidi uzoee jambo jingine. Lakini na wewe unizoeshe. Ukiona napika uji, uniambie huu ni uji."

"Nitakwambia. Hata ukiwa na wageni."

"Hata nikiwa na wageni."

Bi Zuena akakohoa. Alisema, kwa shida, kama mtu anayemeza mwiba wa samaki, kwamba siku ile ulimi wake ulimtangulia, na kwamba mjomba tangu siku ile haulizi jingine ila sambusa. Kisha akajikaza, akakaa sawa, akaanza: "Tumekuja nyumba hii kwa neno la heri..." Akasita. Hakujua amwambie nani. Aya ni mtoto wangu. Kakangu yuko Lamu.

Bi Afaf akajipangusa unga, akavuta mkeka, akakaa mbele yao.

"Niambieni mimi. Ile ya kwanza niliipokea kwa makosa, hii naipokea kwa haki. Semeni, na msifikiri mtampata hivi hivi. Dada yangu huyu ana mkono wa dhahabu."

Wakaanza kuzungumza juu ya kichwa changu, mahari, siku, nani ataozesha, kama vile mimi ni hotipoti. Nikazima jiko.

"Kakangu atakuja kuozesha. Mahari aamue yeye. Lakini nami niulizwe," nikasema. "Namtaka. Ila kazi yangu siiachi, na Ganjoni sihamii. Wateja wangu wako hapa, na jina langu liko hapa."

Nilimwona Bi Zuena akivuta pumzi.

"Ganjoni naishi na friji," Khubaib akasema. "Nitaipangisha ile nyumba. Nihamie hapa, kama mna nafasi ya mtu na goti lake."

"Khubaib!" Bi Zuena akapiga kelele. "Uache nyumba yenye bustani uje upande ngazi hizi kila siku?"

"Daktari amesema nifanye mazoezi."

Aya alikimbilia dirishani kucheka, na huko chini mshona viatu akapiga hoihoi. Alikuwa amesikiliza neno kwa neno.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Sambusa toka alfajiri. Sina nafasi ya kuandika. Bi Afaf alikaanga, akaunguza, akakaanga tena.

Ijumaa, 13 Juni

Tumefunga ndoa baada ya sala ya Ijumaa. Kakangu alifika na basi la Lamu, akalia kuliko mimi. Karisa alivaa shati jipya, akasimama mlangoni pangu chini kwenye kichochoro, akamfungulia kila mgeni mlango uliokuwa wazi. Purity alikuja akanitazama sahani, nikajifanya simwoni. Mjomba alikaa karibu na hotipoti. Bi Afaf alivaa ile ya kijani. Nilimwambia tena yampendeza, na safari hii sikuwa na jingine la kusema.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi nimechelewa kuamka, jambo ambalo halijanitokea tangu nizaliwe. Nikakuta kitanda kitupu na harufu ya mafuta ya moto. Alikuwa amesimama mbele ya karai langu, kanzu ameikunja kiunoni, mwiko mkononi, anazitazama sambusa kama meli zinazoingia Kilindini. Moja ilikuwa imepasuka tumbo.

"Moto mwingi," nikamwambia.

"Nilikuwa nikingoja useme," akasema, akaupunguza.

Chini mteja akapiga hodi, mama wa jirani aendaye kazini, akaita kama sambusa ziko. Nikataka kwenda dirishani, kichwa bado sijakifunika. Bwana Khubaib wa Ganjoni, mstaafu wa bima, akanitangulia, akasukuma dirisha, akatoa kichwa chake chenye mvi nje, na mtaa mzima ukamsikia:

"Ziko, bibi! Za nyama na za mboga! Ngoja kidogo tu, mke wangu ananifunza!"